Ubongo Unavyomjua Ng'ombe Wako

Jioni ya kiangazi pale Gulwe, wilayani Mpwapwa, mifugo inaporudi kutoka machungani vumbi hutanda mpaka kwenye tuta la reli, na kwa muda ng'ombe wote huonekana wa rangi moja. Abiria aliyeshuka kwenye treni huona kundi la ng'ombe, basi. Mchungaji huona mtamba wake mwenye pembe iliyopinda, ndama wa jirani aliyejichanganya njiani, na kwamba maksai mmoja hayupo. Mwulize amejuaje. Atakwambia: huyu ni wangu, namjua.

Jibu lake ni la kweli ingawa halielezi kitu, na wala si kosa lake. Hakuna mtu anayeweza kueleza namna anavyotambua, kwa sababu kazi hiyo humalizika kabla mwenyewe hajajua kwamba imeanza. Tena ni kazi nzito. Mwanga unaoingia jichoni haufanani mara mbili: jana ng'ombe alisimama ubavu, leo amegeuza mgongo, asubuhi jua lilikuwa mbele yake, sasa liko nyuma, nusu ya mwili imefichwa na mwenzake. Jicho linapokea picha mpya kila mara, na ubongo unatoa jibu lilelile.

Wanasaikolojia wa zamani walipima utambuzi kwa saa. Walionyesha picha, wakasubiri mtu abonyeze kitufe, wakahesabu muda. Njia hiyo ina faida zake na bado inatumika. Tatizo ni kwamba mkono unapofika kwenye kitufe, karibu nusu sekunde imeshapita, na ndani yake kuna kuona, kutambua, kuamua na kuamuru misuli, vyote vimechanganyika. Tunachokitafuta kimetokea huko katikati. Chombo kinachotuingiza humo bila kupasua fuvu ni kile tunachokisikia hospitalini kwa jina la EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo.

Hapa kwetu ukikitaja kipimo hicho mtu hufikiria kifafa, na yuko sahihi, maana huko ndiko kinakotumika zaidi. Kilianza kwa daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, Hans Berger, aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 mjini Jena, akakaa na matokeo yake miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929. Aliona kwamba mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi ya takriban 10 kwa sekunde hujitokeza, na akifumbua hupungua. Mpaka leo mtaalamu anayeanza kupima humwambia mtu afumbe na kufumbua, apate kuhakikisha kwamba mashine yake inasoma. Mawimbi hayo huonekana zaidi kisogoni, na kisogo kina maana yake: sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho iko nyuma kabisa ya kichwa.

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali na umeme mdogo. Seli moja haiwezi kusikika nje ya fuvu. Seli nyingi sana zilizolala kwa mwelekeo mmoja zikichangamka kwa pamoja, umeme wake hujumlika na kupenya mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na hapo elektrodi, kisahani kidogo cha chuma kilichopakwa jeli, huunasa. Ni makumi ya mikrovolti tu, na mikrovolti moja ni sehemu ya milioni ya volti; betri ndogo ya redio ina volti 1.5. Ukipepesa jicho mara moja, umeme unaotokana na jicho hilo huzidi mikrovolti 100 na kuufunika ubongo wote kwenye rekodi. Ndiyo maana anayepimwa huombwa atulize macho, asikunje uso, asitafune.

Sasa weka picha ya ng'ombe mbele ya mtu huyo. Jibu la ubongo wake kwa picha hiyo ni mikrovolti chache, limezama katika mawimbi mengine yasiyokoma. Linapatikanaje? Chukua mnada wa mifugo. Watu mia moja wanasema, kila mtu na lake, na yupo dalali mmoja ambaye kila kengele inapolia hutamka neno lilelile baada ya muda uleule. Ukisikiliza mara moja huambulii kitu. Ukirekodi mara nyingi, ukazipanga rekodi zote zianzie kwenye mlio wa kengele, kisha ukatafuta wastani wake, sauti zisizo na mpangilio zitafutana zenyewe na neno la dalali litabaki. Katika maabara kengele ni kule kutokea kwa picha kwenye skrini. Kinachobaki baada ya wastani ni mstari wenye kupanda na kushuka, na kila mshuko una muda wake unaojulikana kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde.

Muda ndio utajiri wa EEG. Mashine za MRI hutuonyesha vizuri zaidi ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi, lakini hufuata mtiririko wa damu, na damu huchukua sekunde kadhaa kuitika. EEG huitika papo hapo. Mahali ndipo inapokosea, kwa sababu fuvu huusambaza umeme kabla haujafika nje. Kwa anayeuliza utambuzi unafanyika lini na kwa mpangilio upi, mimi ningechagua EEG hata kama mashine ya mamilioni iko chumba cha pili.

Mwaka 1996 Simon Thorpe na wenzake wawili, huko Toulouse, Ufaransa, walichapisha utafiti ambao kila anayesoma somo hili huupitia. Waliwaonyesha watu picha za mandhari ambazo hawajawahi kuziona, kila moja kwa milisekunde 20 tu, na kuwataka waamue kama ndani yake kuna mnyama. Walipatia kwa asilimia 94. La ajabu zaidi lilikuwa kwenye mawimbi: milisekunde 150 hivi baada ya picha kutokea, mstari wa picha zenye mnyama ulikuwa umeshaachana na ule wa picha zisizo naye. Kope inapofunga na kufunguka hutumia muda mrefu kuliko huo.

Wapo waliohoji, na walikuwa na haki. Huenda picha za wanyama zina rangi na maumbo yake, na ubongo ulikuwa unaitikia hizo rangi, si mnyama. Rufin VanRullen na Thorpe walilirudia jambo hilo mwaka 2001 kwa picha za wanyama na za vyombo vya usafiri. Picha ileile mara ilikuwa ndiyo inayotafutwa, mara haikuwa. Tofauti iliyotokana na picha yenyewe ilionekana mapema, kwenye milisekunde 75 hadi 80. Tofauti iliyotokana na kile mtu anachokitafuta ilikuja karibu na 150. Kwa hiyo ubongo una hatua zaidi ya moja, na EEG inaweza kuzitenganisha. Mchungaji anayemtafuta maksai wake na mchungaji anayepita tu wanaona ng'ombe walewale, lakini baada ya sehemu ya saba ya sekunde vichwa vyao havifanyi kazi moja.

Mwaka huohuo wa 1996 Shlomo Bentin wa Jerusalem na wenzake walieleza mshuko mwingine, kwenye milisekunde 170, pande mbili za nyuma ya kichwa, chini kuelekea masikioni. Huitwa N170: N kwa kuwa umeme wake ni hasi, 170 kwa muda wake. Uso wa mtu huushusha kwa nguvu. Gari au samani huushusha kidogo tu. Wengi wakasema, basi, ubongo una mlango maalumu wa nyuso. James Tanaka na Tim Curran wakauliza swali lingine: je, ni nyuso, au ni kitu chochote ambacho mtu amekitazama kwa makini miaka mingi? Wakawachukua wataalamu wa ndege na wataalamu wa mbwa, wakawaonyesha picha za ndege na za mbwa. Matokeo yao, ya mwaka 2001, yalionyesha mshuko huo ukiwa mkubwa zaidi mtu anapoangalia kitu cha fani yake. Mtaalamu wa ndege kwa ndege, mtaalamu wa mbwa kwa mbwa.

Ubishi haujaisha. Wapo wanaoshikilia kwamba nyuso ni jambo la peke yake, na wana ushahidi wao. Lakini hata wao hawakatai kwamba mazoea ya macho huacha alama kwenye mawimbi. Na kwa swali la mchungaji wetu, kuna matokeo ya kundi hilohilo la Tanaka na Curran ya mwaka 2011 yanayogusa zaidi. Walilinganisha vitu vya mtu mwenyewe na vya wengine: uso wake, mbwa wake, gari lake. Mshuko wa karibu milisekunde 250 uliongezeka kwa vile vilivyo vyake. Hatua ya kwanza inasema huyu ni mbwa, na mimi mbwa nawajua. Hatua inayofuata, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, inasema ni mbwa wangu.

Hapa ndipo ninapoifikiria Gulwe kama mahali pa utafiti, na nasema hivi kwa uzito wote. Gulwe ni nchi ya wafugaji na wakulima, na wakati huohuo ni kituo cha reli. Reli ya Kati inapita hapo kati ya Godegode na Msagali, ikifuata bonde la mto Kinyasungwe ambao mafuriko yake yameisumbua njia ya Kilosa hadi Gulwe kwa miaka mingi. Sasa SGR, reli mpya ya kisasa, nayo ina kituo Gulwe, na treni za umeme za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza safari mwaka 2024. Kwa hiyo katika eneo dogo wapo watu waliokua wakitazama ng'ombe na wapo waliokula mshahara kwa kutazama injini na mabehewa. Tanaka na Curran walilazimika kuwatafuta wapenzi wa ndege na wapenzi wa mbwa. Hapa makundi yote mawili yananunua chai kibanda kimoja.

Utafiti wenyewe ungekuwa hivi. Piga picha za ng'ombe wa kila mchungaji atakayeshiriki, na za ng'ombe wa jirani zake wenye umri na rangi zinazokaribiana, na za ng'ombe wa mbali asiowajua. Mji wa Mpwapwa uko karibu, na kituo cha utafiti wa mifugo cha huko ndicho kilichozalisha ng'ombe wa aina ya Mpwapwa kwa kuwachanganya zebu wa hapa na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Asia na kiasi cha damu ya Ulaya, kwa hiyo picha za aina tofauti hazitakosekana. Piga pia picha za injini na mabehewa ya reli zote mbili. Kisha waite wachungaji na wafanyakazi wa reli, waone picha zote kwa mchanganyiko, nusu sekunde kila moja. Natarajia mshuko wa milisekunde 170 uwe mkubwa kwa ng'ombe kwenye vichwa vya wachungaji na mkubwa kwa injini kwenye vichwa vya watu wa reli. Wa 250 natarajia uongezeke kwa ng'ombe wa mtu mwenyewe. Na kuna moja ambalo ningetaka kuliona kuliko yote: ng'ombe wa jirani, ambaye mchungaji anamjua kwa jina na tabia ingawa si wake, atasimama wapi kati ya ng'ombe wake na yule asiyemjua?

Picha za mtandaoni hazitoshi kwa kazi hii. Moja ya hazina kubwa za EEG zilizopo leo ilitolewa mwaka 2022 na Tijl Grootswagers na wenzake: watu 50, picha 22,248, aina 1,854 za vitu, picha kumi kila sekunde. Ni kazi kubwa na wameiacha wazi kwa kila mtafiti duniani, nawashukuru. Lakini ile orodha ya vitu 1,854 ilijengwa kutokana na nomino za Kiingereza cha Marekani, na picha zake zilichukuliwa intaneti. Tunachokisoma humo ni namna ubongo uliokulia kwenye vitu hivyo unavyovitambua. Ukimwonyesha bibi wa Gulwe picha ya mashine ya kuosha vyombo na mawimbi yake yakawa dhaifu, hujajifunza lolote kuhusu ubongo wake. Mwonyeshe ungo, kinu, kibuyu cha maziwa, shina la mbuyu, suke la uwele lililoliwa na ndege.

Tena picha yenyewe ni kitu cha kujifunza. Mwaka 1972 Jan Deregowski na wenzake waliripoti kuhusu Wame'en, watu wa kusini magharibi mwa Ethiopia ambao wakati huo hawakuwa wamezoea picha. Walionyeshwa wanyama waliochorwa kwenye kitambaa kikubwa. Wengi waliwatambua, ila wengine walifika taratibu, wakitaja mkia, mguu, pembe, mpaka mnyama akakamilika. Robert Serpell naye, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979, aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza kwa kuwataka waige maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walishinda. Kwa waya walishinda Wazambia, ambao hutengeneza magari ya waya tangu wadogo, kama watoto wetu. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Anayekuja Gulwe na karatasi peke yake, akaondoka na hitimisho kuhusu akili za watoto, amepima karatasi.

Halafu kuna nywele. Kofia nyingi za EEG zilibuniwa kwa nywele laini zinazosukumwa pembeni kwa kidole. Kwenye nywele zetu elektrodi huinuka, jeli haifiki kwenye ngozi, na rekodi hujaa kelele. Kilichotokea kwa miaka mingi huko ughaibuni ni kwamba watu weusi waliambiwa asante, rekodi yako haitumiki, au hawakuitwa kabisa. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, pamoja na wenzake walitoa elektrodi zenye vibanio vinavyoshikwa na nywele zilizosukwa. Unasuka mistari kufuata njia ambazo elektrodi zitakaa, ngozi inabaki wazi kati ya mstari na mstari, na kibanio kinaingia chini ya misuko. Kwa msomaji wa hapa, huo ni msuko wa twende kilioni. Msusi yeyote wa Mpwapwa angeimudu kazi hiyo akionyeshwa ramani ya kichwa mara moja, na ningemlipa kama fundi wa maabara, kwa sababu ndiye anayeamua kama rekodi itasomeka. Mwenye rasta au wigi aambiwe siku chache kabla, kwa heshima, na gharama ya kufumua na kusuka upya iwe ya mradi. Wachungaji wengi na watoto wa shule hunyoa, kwa hiyo ni rahisi mtafiti mvivu akaishia kwao na kuwaacha wanawake nje ya sayansi.

Kama kuna anayedhani haya ni ndoto, aangalie Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kwenye pwani ya Kenya, kimeshughulika kwa miongo kadhaa na watoto wanaougua malaria iliyopanda kichwani: mtoto anaingia na degedege, anapoteza fahamu, wengine wanafariki, wengi wanapona na kurudi nyumbani. Wazazi wa baadhi yao hurudi baadaye wakisema mtoto huyu si yule. Hafuati mazungumzo, anasahau alichotumwa. Utajuaje kilichoharibika, ikiwa mtoto hajaanza shule, ana haya mbele ya wageni, na majaribio ya akili yaliyopo yaliandikwa kwa watoto wa London?

Hapo EEG ina jambo ambalo majaribio hayo hayana: haimtaki mtoto ajibu. Anakaa kwenye mapaja ya mama yake, anatazama picha, anasikia milio, na ubongo wake unajibu kwa niaba yake. Lakini ili kujua mgonjwa ana tatizo, lazima kwanza ujue mtoto mzima wa hapohapo yukoje. Michael Kihara, Charles Newton, Michelle de Haan na wenzao waliifanya kazi hiyo ya msingi na kuichapisha mwaka 2010. Walipima watoto 178 wenye umri wa miaka 4 hadi 12, wenye afya njema, wa vijijini Kenya, wakiangalia ubongo unavyoitikia sauti ngeni na picha ngeni. Mshuko wa N170 uliwahi zaidi kadiri umri ulivyoongezeka. Yaani ubongo wa mtoto mkubwa hufika kwenye hatua ileile ya kuona mapema kuliko wa mdogo. Mabadiliko ya upande wa kuona yalitangulia yale ya upande wa kusikia. Kisha, mwaka 2012, Kihara na wenzake wakaitumia njia hiyo kwa watoto waliougua homa ya uti wa mgongo ya vimelea vya pneumokoki.

Kazi ya namna hii haipati vichwa vya habari. Kupima watoto wazima, kuandika kwamba ni wazima, na kuonyesha namna uzima wao unavyobadilika mwaka hadi mwaka, huchosha na haileti tiba kesho. Hata hivyo bila hiyo daktari wa Dodoma anayetazama mawimbi ya mtoto wa Gulwe analazimika kuyalinganisha na ya mtoto wa Ulaya. Bahari ya Kilifi na nyika ya Ugogo, huku kwetu Gulwe, ni mbali, lakini mtoto wa Kilifi yuko karibu nasi kuliko yule. Karibu zaidi angekuwa mtoto wa Gulwe mwenyewe.

Wenye shughuli za vitendo wataniuliza habari za umeme. Umeme wa gridi yetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na kila waya ukutani huimba kwa mwendo huo ndani ya rekodi. Nyaya za SGR zina volti 25,000 kwa mizunguko hiyohiyo 50. Chumba cha kupimia kiwe mbali na njia, kompyuta mpakato na mashine vitumie betri, na simu zote zikae nje. Jasho nalo huyumbisha mstari taratibu, kwa hiyo pima asubuhi kabla bati halijawaka. Hakuna hapo la kushinda uwezo wa fundi wetu.

Gumu zaidi ni hofu, na moja ya hofu hizo ni ya haki. Mtu akisikia kwamba mashine inajua kama ubongo wake umemtambua ng'ombe, swali la pili atakalouliza ni kama inaweza kumkamata mwizi wa mifugo. Mwaka 2008 mahakama moja ya Pune, India, ilimtia mwanamke hatiani kwa mauaji, na katika ushahidi ilikuwamo rekodi ya mawimbi ya ubongo iliyodaiwa kuonyesha kwamba anayo kumbukumbu ya tukio. Wanasayansi wengi walipinga matumizi hayo, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba kumpima mtu kwa njia za namna hiyo bila ridhaa yake ni kinyume cha katiba. Nakubaliana nao kabisa. Mawimbi yanaweza kuonyesha kwamba ng'ombe huyu si mgeni machoni pa mtu huyu. Aliyemwiba anamjua, na anamjua pia jirani aliyemchunga utotoni, dalali aliyemwona mnadani, na daktari aliyemchanja. Kumjua ng'ombe si kumwiba.

Wala mashine haisomi mawazo. Programu za kompyuta zinaweza kukisia ni picha ipi mtu ameona, kwa kuchagua kati ya picha zinazojulikana, baada ya kufundishwa kwa rekodi nyingi za mtu aliyekubali kukaa kimya na kutazama. Mtu akigoma, akatikisa kichwa au akapepesa macho, rekodi imekufa. Yote haya yasemwe wazi kwenye mkutano wa kijiji kabla kofia ya kwanza haijatolewa kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, na kila mshiriki ajue kwamba anaweza kuondoka katikati bila kuulizwa. Kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ni lazima, lakini karatasi ya NIMR haichukui nafasi ya mkutano huo. Na rekodi za wachungaji zisihifadhiwe na majina yao wala alama za mifugo yao.

Kuhusu wakati, ningeanza Julai. Mvua za Desemba hadi Aprili hufanya barabara na bonde la Kinyasungwe kuwa shida, na wakati wa kilimo hakuna mwenye nafasi ya kukaa saa nzima akitazama picha. Mavuno yakishaingia, ng'ombe huletwa kwenye mashamba kula mabua, karibu na nyumba, na ndipo mpiga picha anapoweza kumpiga kila mmoja asubuhi moja: kutoka mbele, ubavuni na nyuma, mwanga ukiwa uleule kwa wote, mwenye ng'ombe amesimama kando akimtajia nani ni nani.